Dirisha Moja Shilingi Ngapi?

Nimeosha madirisha ya Dar es Salaam, kuanzia luva za Upanga hadi vioo vya Masaki vinavyopigwa na upepo wa bahari, kabla magoti hayajaikataa ngazi. Siku hizi nawafundisha vijana. Kuosha wanakushika kwa wiki moja. Bei ndiyo inayowasumbua, na haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi.

Shikamoo mzee. Nimeacha kibarua cha usafi, nina ndoo, ngazi na mpira wa kukamulia maji. Jirani yangu anatoza 2,000 kwa dirisha. Nianzie hapohapo?

Marahaba. Hiyo 2,000 ni hesabu ya jirani yako, na hujui kama analipa kodi ya chumba au bado analala kwa shemeji. Fanya yako.

Tuseme nyumbani kwako, kwa kodi, chakula, ada na umeme, mwezi unakula 600,000. Nauli, sabuni, vitambaa na vocha weka 150,000. Tenga 50,000 kwa ajili ya mpira utakaochanika na ngazi itakayolegea. Jumla 800,000. Sasa gawa kwa siku, na hapa ndipo vijana wengi wanapojidanganya: wanagawa kwa 26. Wewe ni mgeni kwenye kazi. Kuna siku za kutafuta wateja, siku za mvua, na siku za "njoo wiki ijayo, baba hayupo". Gawa kwa 16. Siku moja ya kuosha lazima ikupe 50,000.

Katika siku hiyo, ukitoa foleni na kumsubiri mlinzi akufungulie geti, utaosha saa sita. Ni dakika 360. Kila dakika yako, basi, ni karibu shilingi 140. Dirisha la kusukuma lenye wavu na grili, ndani na nje, linataka nusu saa ukilifanya vizuri, kwa hiyo ni 4,200. Kwa bei ya jirani, madirisha 12 yanakupa 24,000 kwa siku, 384,000 kwa mwezi. Toa gharama za kazi 200,000, uone kinachobaki kufika nyumbani.

Lakini madirisha hayafanani, na mteja kwenye simu anataka bei moja.

Usimpe. Mwambie utapita kuona, au akutumie picha, moja ya ndani na moja ya nje.

Kioo chenyewe ndicho rahisi kuliko vyote. Kioo kisichofunguka, kisicho na wavu, dakika 8 umekimaliza. Kazi iko kwenye vinavyokizunguka: wavu ulioshika vumbi na moshi wa jikoni, grili ambayo kila nondo inafutwa peke yake, na reli ya chini iliyojaa mchanga, mbawa za kumbikumbi na nywele. Reli ninaichokonoa kwa mswaki wa zamani kabla ya kugusa maji, maana ukitanguliza maji unatengeneza tope. Luva ndizo zinazowaponza wageni. Dirisha la vipande saba lina pande 14, kila upande na kingo zake kali. Linamaliza dakika 45 bila wewe kuona, yaani 6,300, na mwenye nyumba analiita "kale kadirisha kadogo".

Ulizia pia maji. Maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe, utasugua hadi ukome. Nyumba yenye kisima tu nilikuwa nabeba madumu mawili ya maji ya bomba ya DAWASA, na nauli ya bodaboda wa madumu hayo ilikuwa ndani ya bei.

Hesabu ya dakika ni siri yako. Mteja mtajie jumla ya nyumba nzima.

Nimepata nyumba mpya, mafundi wametoka juzi. Vioo vina rangi na saruji. Niongeze kiasi gani?

Hiyo usihesabu kwa dirisha kabisa. Omba uoshe moja kwa majaribio, tazama saa, kisha toza kwa siku: siku mbili, 100,000, ukiongeza nyembe na posho ya msaidizi.

Nilijifunza kwa hasara. Nyumba moja ya Mbezi Beach nilikwangua saruji kwa wembe, kioo kikiwa kimeloana nusu. Asubuhi kilionekana safi. Saa kumi jioni jua lilipoingia upande wa magharibi, mikwaruzo ikajitokeza, myembamba kama nywele, kioo kizima. Punje za mchanga zilikuwa zimekwama chini ya wembe. Nilikilipa kioo kile na faida yote ya kazi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo nilipiga picha kila kioo kabla ya kuanza, nikalowesha mpaka maji yatiririke, na nikajaribia pembeni kwanza. Na usikubali kumwaga asidi ili kazi iende haraka. Fremu za alumini zitabadilika rangi, nawe utaambiwa uzinunue.

Mama mwenye nyumba akisema, "Punguza bwana, nitakuletea wateja"?

Atasema tu. Hata wewe sokoni unasema. Ila ukishuka kutoka 70,000 hadi 50,000 kwa kazi ileile, umemwambia kwamba 20,000 ilikuwa ya kumwibia. Punguza kazi: "Sawa mama, kwa 50,000 nyavu tuziache." Mara nyingi nyavu zinarudi na pesa yake. Wateja anaowaahidi, mwambie punguzo lipo, atalipata yeye mwenyewe safari ijayo, mmoja wao akishafika.

Kuna punguzo moja la haki. Anayekuita kila baada ya miezi mitatu, reli zake hazijapata muda wa kujaa. Mara ya pili unatumia dakika pungufu, basi na bei ishuke.

Ofisi nayo?

Ofisi italipa, lakini pengine baada ya mwezi, kwa hiyo uwe na akiba ya nauli na sabuni. Watakuomba namba ya mlipakodi. Wanaweza pia kukata kodi ya zuio ya asilimia 5: kwenye 300,000 utapokea 285,000. Dai cheti cha makato hayo, kitakufaa kwenye hesabu zako za TRA.

Ghorofa ya nne, kwa nje?

Hapana. Kama hukufunzwa kazi ya kamba na huna vifaa vyake, hiyo haina bei.

Nitajuaje wakati wa kupandisha?

Wateja wakianza kusubiri wiki mbili kukupata, pandisha kwa wapya kwanza. Wa zamani waambie mapema, siyo ukiwa mlangoni na ndoo mkononi. Meseji fupi yatosha: "Mama, kuanzia mwezi ujao nyumba yako itakuwa 80,000, nyavu zikiwemo." Halafu usiongeze neno, subiri ajibu.