SOMO KWA MADEREVA: PANYA NDANI YA GARI



Somo letu safari hii linahusu panya. Wako watakaocheka. Lakini dereva mwenzetu wa njia ya Koboko alikatwa mshahara kwa sababu nyaya za taa zililiwa na panya gari likiwa limesimama mpakani, na tajiri akasema huo ni uzembe wa dereva. Basi tulisome jambo hili vizuri, kwa maana linagusa gari, linagusa mshahara, na huku kwetu West Nile linagusa hata uhai.

Barabara ya kutoka Vurra kupita Arua na Koboko mpaka Oraba, kilomita 92, siku hizi ni ya lami. Taabu yetu si mwendo tena, ni kusubiri. Gari hulala mpakani likingoja makaratasi, limebeba mahindi, unga, maharagwe au karanga, na majani yamefika kwenye matairi. Utingo anapika chini ya lori na makombo yanabaki. Usiku injini bado ina joto. Panya anataka nini zaidi? Panya mdogo hupita kwenye tundu la unene wa penseli. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kila siku, hata kitu kisicholiwa. Nyaya zikivuliwa ngozi na kugusana, moto unaweza kuwaka. Kiota cha majani makavu karibu na bomba la moshi nacho huwaka.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti. Tazama juu ya betri, ndani ya nyumba ya filta ya hewa, nyuma ya kiti na chini ya zulia. Mavi madogo meusi, harufu ya mkojo, sponji iliyochimbwa: umepata mgeni.

Sasa sikilizeni kwa makini. Wengi hukimbilia kumwua panya kwanza. Katika mkoa wetu huo ni mpango mbaya. Sehemu za juu za Arua na Zombo, kandokando ya mpaka wa Kongo, zimejulikana miaka mingi kuwa na ugonjwa wa tauni, na ndiyo sababu Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda imekuwa na kituo cha tauni pale Arua. Sisemi kila panya ana tauni. Walio wengi hawana. Lakini mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha kwamba tauni huletwa kwa mtu na kiroboto aliyemwuma panya mgonjwa. Panya akifa, mwili unapoa, na kiroboto anahama kutafuta damu nyingine. Ukimwua panya nyuma ya kiti chako, damu iliyo karibu ni ya nani? Ni yako wewe unayelala ndani ya gari.

Kwa hiyo viroboto kwanza, panya baadaye. Toa chakula chote na nguo. Nyunyiza dawa ya kuua viroboto chini ya zulia, nyuma ya kiti na kwenye pembe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, wala isifike kwenye mzigo wa chakula. Funga milango, lala mahali pengine usiku ule, kisha acha hewa ipite. Halafu weka mitego ya kubana, minne au mitano, ubavuni mwa ukuta, kwa maana panya hapendi kukata katikati. Chambo kizuri ni karanga zilizosagwa, kidogo tu. Ukijaza atalamba na kwenda zake. Aliyenaswa usimshike kwa mkono mtupu. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, mfukie au mchome. Mavi usiyafagie makavu, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Lowesha kwa jiki, sehemu moja kwa maji tisa, ngoja kidogo, ndipo upanguse. Mwisho ziba matundu kwa waya wa kusugulia sufuria, mbali na nyaya za umeme na vitu vinavyozunguka.

Sumu mimi siipendi ndani ya gari. Panya hufia mahali mkono haufiki, gari linanuka wiki nzima, na sumu inaweza kumwagikia unga wa watu. Dawa za shambani zinazochanganywa na chakula ni hatari kubwa zaidi. Zimeua mbwa na zinaweza kuua mtoto. Paka naye si jawabu la kila mahali, kwani paka pia hupata tauni.

Ukiona panya wamekufa bila mtego wala sumu, usiwaguse, toa habari kituo cha afya. Na ukipata homa ya ghafla, kutetemeka, na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, nenda hospitali siku ileile. Tauni inatibika kwa dawa ikiwahiwa. Ikifika mapafuni bila dawa ni vigumu kupona. Dereva anaweza kuumwa na kiroboto Arua akaugua yuko Kampala, na huko watafikiri malaria. Mwambie daktari umetoka wapi na kwamba garini mlikuwa na panya.

Gharama ya mitego, glavu na dawa si ya mfuko wa dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi mahali pa kazi, na gari ndipo mahali petu pa kazi. Ukiona dalili za panya, andika tarehe, namba ya gari na mahali lilipolala, mpe tajiri karatasi moja na nakala mpe mjumbe wa chama, kabla nyaya hazijaliwa. Atakayekatwa mshahara akiwa na nakala hiyo, mjumbe atakuwa na kitu cha kuweka mezani.