Kupangisha Nyumba kwa Wasafiri wa Kikazi Jijini Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, safari za kikazi za kuja huku hazikauki. Lakini treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, imefanya iwezekane kuja kikaoni na kurudi siku hiyohiyo. Mwenye nyumba ya kupangisha kwa siku chache ampe mgeni sababu ya kulala, na sababu hiyo ni kufanya kazi kwa utulivu.

Anza na meza. Meza ya kahawa ya sebuleni haifai. Inatakiwa meza ya kuandikia, kiti chenye egemeo, taa, na soketi iliyo karibu kiasi kwamba waya wa kompyuta hauvuki chumba. Anayewasilisha zabuni asubuhi atakesha hapo. Weka betri ya akiba itakayowasha taa na ruta umeme ukikatika, na uhakikishe LUKU ina yuniti za kutosha kabla mgeni hajafika; kumwacha atafute umeme saa tano usiku ni kumpoteza moja kwa moja. Simtanki lijae. Pasi iwepo na ifanye kazi.

Jambo linalopuuzwa sana ni risiti. Mtumishi wa Serikali kwa kawaida hupewa posho ya kujikimu, kwa hiyo bei humgusa mfukoni. Mfanyakazi wa kampuni au shirika hufanya marejesho ya fedha akirudi, na mhasibu wake hukubali risiti ya EFD, si karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Muulize mapema jina na TIN ya mwajiri wake, umtumie ankara kabla hajasafiri. Kampuni ikishaona hesabu zako zimenyooka, itakuletea na wengine. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko televisheni kubwa na mapazia mapya.

Katika tangazo lako taja umbali wa kweli hadi Mji wa Serikali wa Mtumba, ambao uko nje ya katikati ya jiji, na uwe na namba ya dereva anayeaminika wa alfajiri.

Bunge la Bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, na vyumba huwa adimu. Wageni waliokuja kwako Februari wapigie Machi, uwape nafasi kwa bei yao ileile kabla hujafungulia wengine.