Mwezi wa nane: kazi aliyobakiza mtoto tumboni

Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, iwe Akheri kwenye migomba ya miteremko ya Mlima Meru au Arusha mjini, hakosi mtu wa kusema: "Wa miezi saba huishi, wa minane haishi." Maneno haya si ya kwetu peke yetu, hata Wagiriki wa kale waliyaamini. Lakini hayana ukweli, na yana madhara, kwani humfanya mtu akate tamaa ya mtoto aliye na kila sababu ya kuishi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Hospitali huhesabu mimba kwa wiki, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hutarajia mama ajifungue ikitimia wiki ya 40, yaani siku 280. Mama anayehesabu kwa mwezi mwandamo, ambao ni siku 29 na nusu hivi, akisema ametimiza miezi tisa tangu hedhi hiyo, yuko siku ya 266. Hizo ni wiki 38. Bado wiki mbili! Aliyetimiza minane anakaribia wiki ya 34, na wa saba yuko kwenye wiki ya 29 au 30.

Wanazuoni, kwa kukutanisha aya ya 15 ya Suratul Ahqaf na aya ya 14 ya Surat Luqman, walifahamu kuwa muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita. Huo ni mpaka wa chini, sio wakati wa kukomaa. Sasa miezi iliyobaki ni ya kazi gani?

Kwanza ni mapafu. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa ambavyo vingegandana kila mtoto anapotoa pumzi, lau si ute maalumu unaovilainisha. Ute huo huanza kutengenezwa mapema, lakini hautoshelezi mpaka karibu wiki ya 34 au 35. Ndiyo maana mtoto njiti huhema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Wakati huo huo ndipo anapojifunza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua bila kupaliwa.

Ubongo nao haujamaliza. Katika wiki ya 35 uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya ule utakaokuwa nao mimba ikitimia. Aidha, sehemu kubwa ya kinga ambayo mama humpa mwanawe kupitia kondo la nyuma hupita katika wiki hizi za mwisho, na malaria ya mama huweza kuipunguza. Madini ya chuma, akiba ya kuunda damu katika miezi ya kwanza ya uhai, nayo huwekwa wakati huu. Yale malaika yaliyofunika mwili hupukutika, na chini ya ngozi hujaa mafuta, mengine yakiwa ya aina ya pekee ambayo kazi yake ni kuzalisha joto.

Hivyo basi wa minane yuko mbele ya wa saba kwa mapafu, kwa kinga na kwa joto. Kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea nafasi ya kuishi. Nadhani wengi wa "wa saba" walioishi walikosewa hesabu tu, tarehe ya hedhi ikiwa haikuandikwa popote.

Kuna jambo la mjini pia. Wapo wanaopanga tarehe ya upasuaji ili ioane na safari au likizo. Pasipo sababu ya kitabibu, madaktari hushauri isiwe kabla ya wiki ya 39. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni hatari zaidi, kwani huweza kuubana mfuko wa uzazi mpaka ukapasuka.

Na mama asiambiwe kuwa mtoto hunyamaza akikaribia kuzaliwa. Nafasi hubana, mateke hugeuka kuwa kujinyoosha na kujigeuza, lakini kucheza hakukomi. Akipunguza kucheza, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Vivyo hivyo uchungu ukija kabla ya wiki ya 34: akiwahi, mama huweza kupewa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Akisubiri nyumbani, nafasi hiyo imepita.

Akishazaliwa njiti, adui wa haraka ni baridi, na wakazi wa Meru wanaijua Juni na Julai ilivyo. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wa chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, ngozi kwa ngozi, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo, ya kangaruu, itumike saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto avikwe kofia, soksi na nepi tu, afungwe kwa kanga wima katikati ya matiti. Mama akichoka, kifua cha baba kina joto lile lile.