Mtumishi, Rudi Ukaangalie Tena

Andiko la kusoma: 1 Wafalme 18:41-45

Wiki hii niruhusu nianzie mbali kidogo, kule Seattle, Marekani, anakoishi ndugu yangu mdogo.

Yeye ni shabiki sugu wa Mariners, timu ya besiboli ya mji huo. Mwaka 2001 timu hiyo ilishinda mechi 116 katika msimu mmoja, na hakuna timu iliyowahi kushinda zaidi ya hizo. Baada ya hapo ukame ukaingia. Kuanzia 2002 hadi 2021, misimu 20 mfululizo, hawakufika mechi za mchujo hata mara moja. Huo mwaka 2021 walishinda mechi 90 kati ya 162, lakini wapi! Wakakosa nafasi siku ya mwisho ya msimu. Nilimcheka ndugu yangu: "Si uhamie timu ingine?" Akanijibu, "Kaka, mwaka ujao."

Jumamosi asubuhi, tarehe 1 Oktoba 2022, nimetoka tu kesha, simu ikalia. Kwao ilikuwa bado Ijumaa usiku. Alikuwa analia kwa furaha. Walikuwa 1-1 na Oakland, awamu ya tisa, wapigaji wawili wameshatolewa. Akaingizwa Cal Raleigh, aliyekuwa ameanza mechi akiwa benchi. Akaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. 2-1. Ukame ukaisha.

Nilifurahi naye, lakini nilipokata simu nikanyamaza. Mimi na mke wangu tulikuwa tumengoja mtoto miaka tisa. Kwenye kesha ile, wakati wa kuleta mahitaji, sikutaja letu. Niliombea wengine. Si ati nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Nilikuwa nimechoka tu kwenda kuangalia na kurudi na jibu lile lile: hakuna kitu.

Ndiyo maana nampenda yule mtumishi wa Eliya. Sisi humsifu Eliya kwa kuomba, lakini aliyetumwa kuangalia bahari mara saba ni mtu ambaye hata jina lake hatuambiwi. Kila alipokosa kuona kitu, alisema ukweli. Hakudanganya eti ameona wingu ili amfurahishe nabii. Na alipotumwa tena, alienda. Imani si kusema mvua imenyesha na jua linawaka. Imani ni kusema "sijaona kitu," halafu kupanda tena.

Tena tusidanganyane: miaka ya kungoja si akiba ya kununulia ushindi. Mwaka ule ule wa 2022 Mariners waliwatoa Toronto, kisha Houston wakawatoa wao kwa 1-0 katika mechi iliyokwenda awamu 18. Mwaka 2025 walibakisha ushindi mmoja tu kufika fainali, wakashindwa. Ndugu yangu bado anasema mwaka ujao.

Na sisi? Mtoto hajaja. Lakini Ijumaa iliyofuata simu ile nilimshika mke wangu mkono, tukataja hitaji letu kwa sauti mbele ya wote. Hatujaacha kulitaja tangu siku hiyo.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Ni hitaji gani umeacha kulitaja, na uliliacha lini?
2. Nani katika ushirika wenu amechoka kupanda peke yake? Mtapanda naye vipi wiki hii?