Mbawakawa wa Mistari Kumi: Maumbile, Mtawanyiko na Suala la Istilahi za Wadudu katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Hoja kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maarifa ya sayansi imekwisha kutetewa na wanaisimu wengi. Hata hivyo, aghalabu utetezi huo huishia katika orodha za istilahi, bila kuzipima istilahi hizo katika kazi halisi ya kueleza kitu. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanamweleza mdudu mmoja, mbawakawa wa majani ajulikanaye kisayansi kama Leptinotarsa decemlineata, kisha yanachunguza ni wapi lugha inatosheleza na ni wapi inateleza. Mdudu huyu ni mharibifu mkubwa wa viazi vya kizungu, au viazi mviringo kama wasemavyo Watanzania. Nchini Kenya zao hilo ni la pili kwa umuhimu miongoni mwa mazao ya chakula, likitanguliwa na mahindi, na hutegemewa sana Nyandarua, Nakuru, Meru, Narok na Elgeyo-Marakwet.

2.0 Jina na Asili Yake

Mdudu huyu alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1824 na mwanasayansi wa Marekani, Thomas Say. Sehemu ya pili ya jina lake inatokana na Kilatini: decem ni kumi, na lineata ni -enye mistari. Sehemu ya kwanza inatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya wembamba na unyayo. Hivyo basi, jina la kisayansi ni maelezo mafupi ya umbo.

Jina la kawaida katika lugha nyingi za Ulaya humhusisha na Colorado. Jina hilo linapotosha kidogo. Asili ya mdudu ni Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, ambako alikula magugu ya jamii ya mnyanya, hususan Solanum rostratum. Uharibifu mkubwa wa viazi uliripotiwa kwanza mwaka 1859 karibu na Omaha, jimboni Nebraska. Jina la Colorado lilishika baadaye, kutokana na taarifa za mwaka 1865 kwamba ameonekana huko kwa wingi akila gugu hilo.

Majina ya mdudu huyu yamebeba siasa pia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Wafaransa waliwaita askari wa Kijerumani walioikalia nchi yao doryphores, yaani jina la mbawakawa huyu kwa Kifaransa. Mwaka 1950, serikali ya Ujerumani Mashariki ilidai kwamba ndege za Marekani zilimwaga wadudu hawa mashambani, dai ambalo halikuthibitishwa kamwe. Ni dhahiri kwamba jina la mdudu laweza kusafiri mbali kuliko mdudu mwenyewe.

3.0 Maumbile

Mbawakawa wa majani ni familia kubwa, Chrysomelidae, yenye zaidi ya spishi 35,000 zilizoelezwa. Kama wadudu wengine, mwili wa spishi hii una sehemu tatu: kichwa, kifua na fumbatio.

Mdudu mzima ana urefu wa takriban milimita 10. Mwili wake ni wa mviringo, umetuna juu mithili ya nusu ya punje kubwa ya haragwe. Kichwani ana vipapasio viwili, kila kimoja kikiwa na pingili 11, macho mawili yaliyoundwa kwa vijicho vingi, na mataya yenye nguvu yanayofanya kazi kutoka upande hadi upande. Kichwa na sehemu ya juu ya kifua ni vya rangi ya chungwa, vikiwa na madoa meusi.

Kifuani pana jozi tatu za miguu na jozi mbili za mbawa. Jozi ya juu ni mbawa ngumu zisizotumiwa kupigapiga hewa, bali hufunika fumbatio kama kifuniko cha sanduku. Kila bawa gumu ni la manjano hafifu, nalo lina mistari mitano myeusi inayokwenda kwa urefu. Mistari kumi kwa jumla. Chini yake zimekunjwa mbawa laini ambazo ndizo za kurukia. Unyayo nao una siri yake: ukitazamwa kwa haraka huonekana kuwa na pingili nne, kumbe ni tano, kwa kuwa moja ni ndogo mno na imefichwa. Sifa hii ni ya familia nzima.

4.0 Mzunguko wa Maisha

Jike hutaga mayai ya rangi ya manjano inayoelekea chungwa upande wa chini wa jani, katika mafungu ya mayai yapatayo 30. Jike mmoja huweza kutaga mayai mia kadhaa maishani mwake. Lava anayeanguliwa ana rangi nyekundu, kichwa cheusi, mgongo uliopinda kama nundu, na safu mbili za madoa meusi kila ubavu. Hupitia hatua nne za ukuaji, akijivua ngozi baada ya kila hatua. Akikamilika, hushuka ardhini na kugeuka pupa ndani ya udongo, kisha hutoka akiwa mdudu mzima. Katika nchi zenye baridi kali, mdudu mzima hujificha ardhini majira yote ya baridi.

Lava mmoja hula takriban sentimita 40 za mraba za majani kabla ya kugeuka pupa. Shina lililovamiwa na lava wengi hubakia vijiti vitupu, nao mmea usio na majani hauwezi kulisha viazi vilivyo ardhini.

5.0 Mtawanyiko

Kutoka Nebraska, mbawakawa huyu alifuata mashamba ya viazi kuelekea mashariki, na kufikia mwaka 1874 alikuwa pwani ya Atlantiki. Miaka 15 ilitosha kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Mwaka 1877 alionekana Ujerumani, akaangamizwa. Mwaka 1922 alipatikana karibu na Bordeaux, Ufaransa. Safari hii hakuzuilika. Alienea katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya, kisha Uturuki, Asia ya Kati na hatimaye Xinjiang, magharibi mwa China. Uingereza imeendelea kumzuia: alipopatikana Kent mwaka 2023, hatua za kumwangamiza zilichukuliwa mara moja.

Dawa hazikuwa jawabu la kudumu. Wakulima wa Marekani wa karne ya 19 walitumia sumu ya arseniki na shaba. Baadaye ikaja DDT, lakini kufikia mwaka 1952 palikuwa na taarifa za mbawakawa waliokuwa wameizoea. Tangu hapo mdudu huyu amepata ukinzani dhidi ya zaidi ya viuatilifu 50.

Spishi hii haijajiimarisha kusini mwa Sahara. Kwa upande wa Kenya, jukumu la kuzuia wadudu wageni wa mimea ni la KEPHIS, shirika lililoanzishwa mwaka 1996. Lakini ukaguzi wa mpakani hauwezi kuona kila kitu. Mdudu akipenya, yamkini atakayemwona kwanza ni mkulima shambani, naye atatoa taarifa kwa lugha anayoijua. Mdharau mwiba mguu huota tende.

6.0 Suala la Istilahi

Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba msamiati wa maumbile upo. Maneno kama kipapasio, fumbatio, taya, pingili na unyayo hayakuhitaji kubuniwa upya. Aidha, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) tangu mwaka 1990.

Ugumu unajitokeza katika hatua ya lava. Katika mazungumzo ya kawaida, mdudu mchanga huweza kuitwa buu, funza au kiwavi. Buu humkumbusha msikilizaji kiumbe mweupe asiye na miguu, anayekaa katika nyama iliyooza. Funza humkumbusha tekenya wa miguuni. Kiwavi ndiye anayekaribia zaidi kwa kuwa hukaa juu ya jani na kulila, na hapo ndipo penye hatari.

Kiwavi ni mtoto wa kipepeo au nondo. Mbali na miguu sita ya kifuani, ana vijimguu vya nyama chini ya fumbatio. Lava wa mbawakawa huyu ana miguu sita tu. Tofauti hii ina gharama shambani. Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis hutumiwa kutengenezea kiuatilifu salama, lakini aina zake hutofautiana: kurstaki huua viwavi, ilhali tenebrionis huua lava wa mbawakawa wa majani. Mkulima akiripoti kiwavi, akapewa dawa ya kiwavi, atapoteza fedha na muda, na lava wataendelea kula.

Kwa hiyo, inafaa neno lava litumike kama istilahi ya jumla, na kiwavi libakie kwa watoto wa vipepeo na nondo pekee. Vilevile, jina mbawakawa wa mistari kumi linafaa kuliko tafsiri sisisi ya jina la Colorado. Ni aminifu kwa jina la kisayansi, na humpa mkulima alama anayoweza kuihesabu kwa kidole.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza maumbile na mtawanyiko wa mbawakawa wa mistari kumi, na kubainisha kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu hautokani na uhaba wa maneno, bali na kutopangwa kwa maneno yaliyopo. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi ya kushirikiana na wataalamu wa kilimo katika kuandaa maelezo ya wadudu yatakayofika vijijini kabla ya wadudu wenyewe kufika. Istilahi iliyochelewa haiokoi jani lililokwisha kuliwa.