SOMO LA UFUNDI: TABO YA GARI INAVYOFANYA KAZI

Ndugu wanafunzi, katika somo hili tutazungumzia tabo. Wengi wenu mmesikia mlio wake, ule mluzi mwembamba wa lori linapopanda mlima na mzigo wa kahawa. Na wamo miongoni mwenu watakaoingia gereji kujifunza kazi, kwa hiyo someni kwa makini.

Kwanza tufahamu kwamba injini hailishwi mafuta peke yake. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Wahunzi wa Katuruka, kule Maruku, waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mkaa walikuwa nao, lakini mkaa usiopulizwa hewa hautoi chuma. Injini nayo ni hivyo hivyo. Injini ya kawaida hujivutia hewa pistoni inaposhuka, ikapata kile kinachoingia tu. Na hapa kwetu hewa yenyewe ni nyepesi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo lita moja ya hewa ya Bukoba imepungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Ukipanda Karagwe inapungua zaidi.

Tabo ni nini basi?

Ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja, kila moja ndani ya nyumba yake. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda hupita kwenye feni ya kwanza na kuizungusha. Kwa kuwa shafti ni moja, feni ya pili nayo huzunguka, huvuta hewa safi kutoka kwenye filta na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Wengine husema hiyo ni nguvu ya bure. Si bure kabisa, maana feni huuzuia moshi kidogo, lakini faida ni kubwa kuliko hasara. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto na kutanuka, ndiyo maana magari mengi hupitisha hewa hiyo kwanza kwenye kipoozeo kinachofanana na rejeta.

Aliyebuni jambo hili ni Alfred Büchi wa Uswisi, mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege yenye tabo juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba hewa nyepesi haiishindi. Hapa Afrika Mashariki, Toyota Celica zenye tabo zilishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986.

Sasa tuje kwenye utunzaji, na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, shafti inalika. Dereva akimaliza mlima mkali kisha akazima gari papo hapo, oili husimama ilhali chuma bado kina moto mkali, ikaungua na kuganda. Aache injini iungurume dakika moja au mbili bila kukanyaga mafuta, ndipo azime.

Moshi wa bluu ni dalili kwamba oili inaungua, pengine inavuja kutoka kwenye tabo. Msiipuuze kwenye dizeli. Oili ikivuja kwa wingi kuelekea kwenye silinda, injini huila kama mafuta, ikavuma yenyewe hata ufunguo ukizimwa. Likitokea hilo kwenye gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, aingize gia kubwa na kuachia klachi ili injini ife. Fundi aliye nje anaweza kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao. Asitumie mkono kamwe, wala nguo, maana huvutwa ndani.