Kilima Kilichoitwa Mji: Neno na Ukuta katika Historia ya Akropoli ya Athens

1.0 Utangulizi

Akropoli ya Athens, nchini Ugiriki, hufahamika zaidi kwa mahekalu yake kuliko kwa kuta zake. Makala haya yanachunguza swali moja: je, neno laweza kutoa ushahidi juu ya makazi ambayo majengo yake yamekwisha kutoweka? Hoja inayotetewa ni kwamba laweza, ila lisisimame peke yake.

2.0 Ushahidi wa Neno

Thucydides, mwanahistoria wa karne ya 5 K.K., anaeleza kuwa hapo kale mji wa Athens ulikuwa kilima chenyewe pamoja na eneo lililo kusini yake. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba watu wa zama zake walikuwa bado wanakiita kilima hicho *polis*, yaani 'mji', ingawa makazi yalikwisha kutapakaa bondeni. Matumizi hayo, kwa maoni yake, ni masalia ya hali ya zamani.

3.0 Ushahidi wa Ukuta

Akiolojia inaiunga mkono hoja hiyo. Katika karne ya 13 K.K. kilima kilizungushiwa ukuta wa mawe makubwa mno, unaokadiriwa kuwa na urefu wa mita 760. Upande wa kaskazini, ngazi iliteremka katika ufa wa mwamba hadi kwenye kisima, ili waliozingirwa wasife kwa kiu. Mwaka 480 K.K. Waajemi walikiteka kilima na kuyachoma mahekalu. Ukuta wa kaskazini ulipojengwa upya, vipande vya nguzo za hekalu lililobomolewa vilipangwa humo, na hadi leo vinaonekana kutoka mjini.

4.0 Tahadhari

Hata hivyo, neno laweza kupotosha. Huko Kilwa Kisiwani, jina la Husuni Kubwa linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya 'ngome'. Lakini magofu yenyewe, ya karne ya 14, yanatambuliwa na wanaakiolojia kuwa ya kasri. Mtafiti anayefuata jina tu angetafuta askari mahali palipokaa sultani.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri, basi, kwamba ukuta hauwezi kusema wakazi walikiitaje kilima chao, wala neno haliwezi kutaja karne ya ukuta. Pale Athens mashahidi hao wawili wanaafikiana. Pale Kilwa wanapingana. Katika hali zote mbili, mwanaisimu na mwanaakiolojia wanahitajiana.